Damu ya Upande wa Mama

4 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Keti kwanza ndipo usome, maana mimi mwenyewe tangu jana nimekaa na bado sijakaa sawa.

Unajua yale maradhi yangu ya kule chini, niliyokueleza kwa kuzungukazunguka mwaka jana. Ngozi ya mbele imebana, hairudi nyuma, kila baada ya wiki chache inavimba, na kukojoa kunakuwa kazi ya kutwa. Mwezi uliopita homa ilinipanda karakanani nikaanguka katikati ya majokofu ya watu. Mke wangu akasema basi, mficha uchi hazai, akanipeleka hospitali. Daktari wa kwanza akatazama, akasema dawa za kupaka zimefika mwisho, nitahiriwe. Mwanaume wa miaka thelathini na sita, mwenye watoto wawili!

Jana ndipo nikaenda kuonana na daktari wa upasuaji. Mlangoni nilikuta mama mmoja mfupi mwenye miwani, anakula karanga. Akaniambia, "Ingia, vua suruali, panda kitandani." Nikamwuliza daktari yuko wapi. Akafuta mikono, akasema, "Unaongea naye." Nilivua nikiwa nimetazama ukutani, kwenye picha ya figo. Alipima, akaandika, akasema tu, "Hii ilikuwa itolewe zamani. Kwa nini hukufanyiwa ukiwa mdogo?" Nikamwambia mama yangu alikataa, alikuwa muoga wa visu. Hakucheka.

Kisha maswali. Natumia aspirini? Natumia, kwa ajili ya mgongo, maana friji halijibebi. Akaniamuru niache kuanzia siku hiyo. Ninyoe, nioge vizuri, asubuhi ile nisile kitu, nije na chupi ya kubana na mtu wa kunirudisha nyumbani. Ganzi ni ya sindano, nyuzi zitayeyuka zenyewe. Wiki sita nikae mbali na mke wangu. Hilo la mwisho alilirudia mara mbili akinitazama machoni.

Akamalizia kwa kuuliza, "Kwenu kuna mtu aliyewahi kutoka damu nyingi? Kwa jino, kwa kuzaa, kwa kutahiriwa? Hasa upande wa mama." Nikajidai. Nikamwambia, "Daktari, upande wa mama nina mjomba anaitwa Chuma. Alikatwa asubuhi, mchana akatembea kwa miguu hadi nyumbani, jioni akacheza mpira. Kwetu damu haitoki ovyo." Akaandika, "Hakuna." Nilikuandika wewe pia kuwa ndugu wa karibu, ukitaka kumwuliza lolote au yeye akitaka kukuuliza, nimeridhia.

Kitu kimoja tu nilimficha. Mwaka juzi niling'oa gego na damu ilitoka siku tatu. Nilihofia asije akaniahirishia, na mimi nimechoka kuumwa. Operesheni ni tarehe 26. Nishauri, wewe ndiye mwanaume wa ukoo. Kama ungekuwa unasikia simuni ningekupigia, lakini najua kwako simu ni kelele tupu.

Mpwa wako,
Fundi Friji

8 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikacheka mpaka jirani akachungulia ukutani. Daktari mwanamke! Na picha ya figo! Katika miaka yangu thelathini na moja ya ukarani mahakamani nimeona watu wakivuliwa heshima, lakini wewe ulivua mwenyewe.

Sasa tuongee kikubwa. Samaki mkunje angali mbichi, nawe umeshakauka. Jambo hili lina wakati wake, na wakati wako ulipita. Watu wangapi wanaishi hivyo hivyo wakazeeka? Nenda kwa mtu mwingine akupe dawa nyingine ya kupaka. Punguza chumvi. Kunywa maji. Huyo daktari wako ana haraka ya nini?

Halafu, hukuwa na sababu ya kuniingiza mimi kwenye makaratasi ya hospitali. Mambo ya kijiweni ni ya kijiweni. Mwambie afute hilo la mjomba kutembea, siyo kwamba lina kosa, ila halimhusu.

Na hilo jino. Siku tatu unamaanisha kutemeatemea mate mekundu, au unamaanisha damu hasa? Nijibu hilo kwanza kabla ya mengine.

Usiende tarehe 26.

Mjomba wako,
Chuma

12 Machi

Mjomba,

Shikamoo.

Nilitegemea maneno mengi kutoka kwako, siyo haya. Kupunguza chumvi? Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta ushauri nikapata kejeli. Nimeelewa. Unaona kwamba mwanaume asiyekatwa kwa wakati hana haja tena ya kuhangaika, ameshapitwa. Wewe ulisimama ukiwa na miaka kumi na saba, mimi nitalazwa na ganzi mbele ya mwanamke. Cheka, mjomba, una haki.

Lakini nitakwambia ambacho sijamwambia mtu. Tangu shuleni nimeoga nikiwa nimegeuka ukutani. Kila ulipokuja nyumbani na hadithi yako ya kutembea, baba alikuwa ananitazama mimi, kisha anamtazama mama. Nataka jambo hili liishe, na siyo kwa sababu ya homa peke yake.

Umeuliza jino. Ilikuwa damu hasa. Mto ulilowa, mke wangu akautupa. Siku ya tatu ikakauka yenyewe. Ndiyo maana sikuona sababu ya kumwambia daktari.

Nitakwenda tarehe 26. Kama una la kusema kuhusu daktari, mwandikie yeye, anwani ya hospitali iko nyuma ya bahasha hii. Ni mtu mwelewa.

Fundi Friji

15 Machi

Kwa Daktari wa Upasuaji,

Salamu za heshima. Mimi ni karani wa mahakama mstaafu, ndugu wa karibu wa mgonjwa wako, fundi wa majokofu, uliyempangia tarehe 26. Mama yake mzazi, ambaye ni marehemu, alikuwa dada yangu.

Mgonjwa alikuambia kwamba upande wa mama hakuna mtu aliyetokwa na damu. Maelezo hayo si sahihi. Tulikuwa na mdogo wetu wa kiume, wa mwisho. Alitahiriwa akiwa na miaka kumi na minne katika zahanati, kwa mkono wa mganga mwenye kibali. Damu haikusimama. Alikatwa siku ya Alhamisi, akafariki Jumapili kabla ya adhuhuri. Nyumbani tulitangaza kuwa ni malaria, na watoto wote waliozaliwa baadaye wameambiwa hivyo.

Pia mgonjwa amekuficha habari ya jino. Muulize.

Ninaomba mambo mawili. La kwanza, usimkate. La pili, usimwambie kwamba habari hizi zimetoka kwangu. Nina sababu zangu, ambazo hazihusu tiba.

Wako katika ukweli,
Karani mstaafu

18 Machi

Mzee,

Shikamoo. Asante kwa barua. Nimeisoma nikiwa nimesimama, na nimeahirisha operesheni kabla sijakaa.

Nitakueleza kwa lugha ya nyumbani. Kuna ugonjwa wa damu kukosa kitu cha kuigandisha. Wanawake huubeba, mara nyingi bila kujua, na huwapata wana wao. Mwenye hali kali hujulikana angali mtoto. Mwenye hali nyepesi anaweza kubeba majokofu hadi uzeeni, akajulikana siku ya jino au siku ya kisu. Mdogo wenu alijulikana siku ya kisu. Mpwa wako nilimwita jana, nikamtoa damu, nikaituma maabara kubwa. Majibu ni baada ya siku nane. Yakiwa kama ninavyohofia, bado anaweza kutahiriwa, ila katika hospitali kubwa, akipewa kwanza dawa ya kuisaidia damu yake kuganda. Bila dawa hiyo, damu yake inaweza isisimame.

Tatizo ni kwamba haniamini. Sikukutaja, kama ulivyoomba. Nilisema tu nimepata habari kuwa mdogo wa mama yake alikufa kwa kutokwa na damu. Akasimama. Akasema, "Alikufa kwa malaria. Mjomba mwenyewe ndiye aliyeniambia, na mjomba hana uongo, alikuwa anaapisha watu." Akaondoka na kuacha mlango wazi. Muuguzi alimsikia akisema nje kwamba kuna wengine watakaomfanyia.

Mzee, nimeshtuka, na mimi si mtu wa kushtuka haraka. Hapa mimi nimefika mwisho. Daktari hawezi kushindana na mjomba.

Nina swali pia, na nakuuliza kitabibu. Umeandika ya mdogo wako na hukuandika yako. Wewe ulitokwa na damu kiasi gani? Kama ulitembea mchana ule ule, hilo ni jambo muhimu kwangu. Kama haikuwa hivyo, ni muhimu zaidi.

Daktari

19 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Sina muda mrefu.

Kuna mtu amenichongea hospitali. Sijui ni nani, nadhani ni yule shemeji wa baba mwenye mdomo. Ameniandikia uongo kwa daktari eti mjomba wetu mdogo alikufa kwa damu. Daktari naye, msomi mzima, kameza! Ameniahirishia, amenitoa chupa tatu za damu, ananitazama kama maiti inayotembea.

Sirudi kwake. Kuna muuza dawa ana chumba nyuma ya duka lake, amewafanyia wengi, anamaliza kwa nusu saa na wala haulizi ukoo. Nimepanga naye Jumamosi hii, tarehe 23, saa nne asubuhi. Mke wangu hataki. Nimemwambia mjomba alifanyiwa kwa wembe na chumvi akatembea.

Nimekutumia barua hii kwa mkono wa dereva ili ikufike mapema. Kama yule mtu amesema kweli, niandikie neno moja tu, sitakwenda. Ukinyamaza nitajua uko pamoja nami.

Fundi

21 Machi

Mwanangu,

Barua hii nampa mwalimu jirani yangu, anasafiri kesho alfajiri. Nimemwapisha aikabidhi mkononi mwako au mwa mkeo. Kumwomba mtu akupigie simu sikuthubutu, ungedhani ni mchongezi yule yule; mwandiko wangu unaujua. Ningepanda basi mwenyewe, lakini najijua. Nikikaa mbele yako nitaanza mzaha, na utakufa nikiwa nakuchekesha.

Yule mtu amesema kweli. Yule mtu ni mimi.

Sasa la pili. Mimi sijatahiriwa. Rudia kusoma, hukukosea. Nina miaka sitini na nane na niko kama wewe. Sikukatwa asubuhi, sikutembea mchana, sikucheza mpira jioni. Mke wangu alijua, akaenda nalo kaburini, Mungu amrehemu.

Ilikuwa hivi. Tulipelekwa zahanati wawili, mimi na mdogo wetu. Mkubwa hutangulia, kila mtu anajua. Mganga alitoka mlangoni akasema, "Mkubwa aje." Nilikuwa nimesikia vyuma vikigongana kwenye sahani. Nikamwambia mdogo wangu, "Tangulia, mimi nafunga kamba za viatu." Sikuwa na kamba. Nilikuwa nimevaa kandambili. Akazitazama kandambili zangu, akanitazama usoni, akaingia.

Hakulia. Alitoka anachechemea na kunikonyeza. Mganga alinawa akaja kunichukua, na hapo ndipo msaidizi wake akamwita ndani, kwamba damu imelowesha bandeji ya pili. Sikuitwa tena siku hiyo. Sikuitwa tena maisha yangu yote.

Mama yako alikuwa na miaka kumi na tisa. Ndiye aliyekuwa akibadilisha vitambaa. Alikuwa akivifua kwenye beseni, anaanika, kabla havijakauka anavirudisha. Siku tatu hakulala. Baba alipomfunika mtoto uso alituita sisi wawili jikoni akasema, "Ni malaria. Tukitaja damu, nani atamwoa dada yenu?" Tukaapa.

Watu walituona tumekwenda wawili, wakadhani tumekatwa wawili. Nikanyamaza. Mtu akaniuliza, "Wewe ulisimama?" nikasema nilisimama. Mwaka uliofuata nikaongeza kutembea. Nilipoanza kazi mahakamani nikaongeza mpira. Wakaniita Chuma, nikafurahi. Kila niliposimulia nilikuwa nausogeza ule mlango wa zahanati mbali kidogo.

Ulipozaliwa, mama yako alikataa usiguswe. Baba yako akapiga kelele, ukoo mzima ukamcheka. Akaja kwangu akasema, "Kaka, waambie wewe, mimi mwanamke hawatanisikia." Nikamjibu, "Wakiniuliza na yangu je?" Akabeba mkoba wake akaondoka, na hakuniomba tena. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu imekwenda miaka hamsini na moja, na imefika mlangoni kwako.

Umeomba neno moja. Usiende. Hata kama utanichukia kuanzia mstari huu, usiende.

Mjomba wako

21 Machi

Daktari,

Jibu la swali lako: hakuna damu iliyotoka, kwa sababu hakuna kisu kilichonigusa. Nimeshamwandikia mwenyewe. Ikiwa Jumamosi saa nne ataletwa kwako, kwa hali yoyote, tafadhali uwepo.

Karani

5 Aprili

Mjomba,

Nimechukua majuma mawili kukuandikia kwa sababu kila nikishika kalamu mkono unakataa.

Jirani yako alichelewa, basi lao liliharibika njiani. Barua ilimfikia mke wangu Jumamosi saa tatu na nusu, mimi nimeshaondoka. Aliifungua. Hakuimaliza. Alikimbia na kanga moja na kandambili moja, nyingine ilikatika njiani. Mimi nilikuwa nimelala kwenye meza iliyofunikwa nailoni, suruali iko magotini, muuza dawa anachemsha vifaa kwenye birika. Sindano ya ganzi ilikuwa mkononi mwake. Mke wangu aliingia bila kubisha hodi, akanionyesha mstari mmoja kwa kidole, ule wa "yule mtu ni mimi." Nilisoma hadi kwenye kandambili zako. Nikashuka mezani. Muuza dawa akaniuliza kama nimeogopa. Nikamwambia ndiyo.

Majibu yametoka. Ni kama daktari alivyohofia. Kile cha kugandisha damu kwangu ni haba, nina kama sehemu moja kati ya kumi ya wanachokuwa nacho watu. Alinichorea kwenye karatasi mama katikati na sisi pembeni. Alisema kwa jeraha lile, katika chumba kile, nisingefika Jumanne. Alilisema taratibu, huku amenishika bega, na mimi mtu mzima nililia mbele ya mwanamke niliyemwonea haya kumvulia suruali.

Nitafanyiwa hospitali kubwa tarehe 9. Watanipa dawa mshipani kabla na baada, na nitalazwa. Amesema hatari ipo bado, ndogo. Amesema pia nikwambie ukapimwe, wewe na wengine wote wa damu ile.

Kuhusu kutokatwa kwako, sina neno. Ulikuwa mtoto na uliogopa. Hata mimi nimeogopa. Kuhusu miaka yangu ya kuoga nimetazama ukuta, nitakusamehe siku nyingine, siyo leo.

Lakini kuna jambo ambalo hukuliandika, labda umelisahau. Siku mbili kabla mama hajafa tulikuwa chumbani kwake, mimi upande huu wa kitanda, wewe upande ule. Nilikuwa na hasira na maumivu yangu, nikamwambia, "Mama, ungekuwa na moyo kama wa kaka yako, leo nisingekuwa hivi. Uoga wako ndio umeniharibia maisha." Mama aligeuza kichwa akakutazama wewe. Ukainamisha uso. Nilidhani mnahuzunika wote wawili kwa ajili yangu. Kumbe alikuwa anakusubiri useme.

Alisubiri, mjomba. Nilikuwepo, nilimwona akisubiri.

Mdogo wangu wa kike ana mimba ya miezi saba, na picha imeonyesha ni wa kiume. Hajui chochote. Mimi siwezi kumwambia, maana atauliza kwa nini mama hakusema, na jibu hilo si langu. Usije hospitali tarehe 9. Nenda kwake. Mkalishe chini, umweleze yote, uanze na mama.

Mpwa wako